Figa Moja Haliinjiki Chungu

Mjini Mbale, chini ya Mlima Elgon, ipo Hospitali ya Watoto ya CURE, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imepata sifa duniani kwa kuwatibu watoto wenye vichwa maji. Hapo ndipo Dk. Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alipounganisha njia mbili katika upasuaji mmoja: kuyafungulia maji ya ubongo njia mpya, na kuunguza tishu zinazoyatoa. Njia hizo zilipounganishwa, watoto wengi waliepushwa kuishi na mrija mwilini maisha yao yote.

Busara hiyo ya kuunganisha njia ndiyo inayotakiwa pia katika maradhi mazito zaidi, yaani saratani za ubongo. Hizi ni adimu, lakini ni kali. Mojawapo, iitwayo meduloblastoma, huwapata hasa watoto. Huota upande wa nyuma wa ubongo, katika sehemu inayosimamia mizani ya mwili, na aghalabu huziba njia ya maji ya ubongo. Mtoto huumwa kichwa, hutapika asubuhi na kuyumba anapotembea.

Mpasuaji huondoa uvimbe kadiri awezavyo bila ya kudhuru ubongo. Lakini kisu peke yake hakitoshi, kwani chembe za saratani huweza kuchukuliwa na maji hayo hadi kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo mionzi huelekezwa kwenye ubongo wote na uti wa mgongo. Dawa za saratani nazo huandama chembe zilizosalia, na kwa baadhi ya wagonjwa huwezesha kipimo cha mionzi kupunguzwa. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mionzi hudhuru akili na ukuaji wa mtoto. Ndiyo maana walio chini ya miaka mitatu huepushwa nayo kila inapowezekana. Katika nchi zenye huduma zote tatu, watoto wapatao saba au zaidi katika kila kumi huishi zaidi ya miaka mitano.

Hata hivyo, tiba hizi hazifai kitu zikitengana. Inashauriwa mionzi isichelewe zaidi ya wiki saba baada ya upasuaji. Kutoka Mbale hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, ni zaidi ya kilomita 200, na nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea humwelemea mkulima. Isitoshe, mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mashine ilipokosekana, hata upasuaji uliofanikiwa ulikosa mwenzake nchini.

Ni dhahiri, basi, kwamba kununua mashine na kufundisha wapasuaji ni sehemu tu ya kazi. Hapana budi hospitali ziwasiliane, mgonjwa asafirishwe kwa wakati, na dawa zisikatike katikati ya tiba. Nao wazazi wamfikishe hospitali mapema mtoto anayeyumba na kutapika kila asubuhi. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Na mafiga matatu nayo, yakiwekwa mbalimbali, hayapiki kitu.