Shashin: Picha na Ukweli katika Visiwa Viwili vya Japani

Katika lugha ya Kijapani, picha inayopigwa kwa kamera huitwa shashin. Neno hili huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza ina maana ya kunakili, na ya pili ina maana ya ukweli. Mswahili naye hupiga picha kama apigavyo ngoma, pasi au magoti, na kitenzi chake hakidai lolote kuhusu ukweli wa kinachopigwa. Makala haya yanalenga kufafanua jinsi dai hilo la Kijapani linavyotahiniwa katika visiwa viwili ambavyo mgeni wa kawaida, anayefululiza hadi Kyoto na Mlima Fuji, aghalabu havifiki.

Cha kwanza ni Okunoshima, kilichomo katika Bahari ya Ndani ya Seto, mkoani Hiroshima. Feri kutoka bandari ya Tadanoumi hukifikia kwa muda wa robo saa hivi. Anayeshuka hulakiwa na sungura: mamia ya sungura wasiomwogopa binadamu, ambao humzunguka mgeni na hata kumpandia magotini wakidhani amewaletea chakula. Mpigapicha hana kazi ngumu hapa. Hulala kifudifudi, akaishusha kamera hadi kimo cha macho ya mnyama, akangoja masikio yasimame huku bahari ikimeta kwa nyuma. Picha za aina hiyo ndizo zilizokipa kisiwa jina la Kisiwa cha Sungura, na haziongopi. Sungura wapo kweli.

Ifahamike, hata hivyo, kuwa kati ya mwaka wa 1929 na 1945 jeshi la Japani lilitengeneza gesi ya sumu mahali hapo. Zaidi ya tani 6,000 za sumu, gesi ya haradali ikiwa miongoni mwake, zilitoka katika kisiwa ambacho kilifutwa kwenye ramani ili siri isivuje. Japani ilikuwa imetia sahihi Itifaki ya Geneva ya 1925 iliyoharamisha matumizi ya silaha kama hizo, lakini haikuiridhia hadi mwaka wa 1970, na gesi hiyo ilitumiwa vitani nchini China. Wafanyakazi wa kiwanda nao hawakusalimika. Wengi waliugua maradhi ya kifua kwa miaka mingi baada ya vita. Hata wakati ule sungura walikuwapo, ila walikuwa wa kufanyiwa majaribio. Hawa wa leo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, ni uzao wa sungura wachache walioachiliwa na wanafunzi wa shule mwaka wa 1971.

Jumba dogo la makumbusho ya gesi ya sumu lilifunguliwa kisiwani mwaka wa 1988. Mabaki mengine yamo vichakani: kituo cha umeme kilichotambaliwa na mimea, na maghala ya saruji ambamo matangi ya sumu yalihifadhiwa. Kuta za maghala hayo bado ni nyeusi kutokana na moto uliotumiwa kuiteketeza sumu. Kuingia ndani hakuruhusiwi, hivyo picha hupigwa kutoka nje, na hapa ndipo ufundi unapohitajika. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, itaufuata wa jua la nje, na masizi yatageuka giza tupu lisilo na maana. Sharti mpigapicha aupime mwanga wa ukuta, hata ikiwa nyasi za mbele zitafifia zikawa nyeupe. Iwapo sungura mmoja atajileta mbele ya ukuta huo, basi hiyo ndiyo picha ya kurudi nayo nyumbani.

Kisiwa cha pili ni Hashima, karibu na Nagasaki, mji ambamo Ueno Hikoma alifungua mojawapo ya studio za kwanza za picha nchini humo mwaka wa 1862. Kwa umbo lake Wajapani hukiita Gunkanjima, yaani Kisiwa cha Manowari. Kampuni ya Mitsubishi ilikinunua mwaka wa 1890 ili kuchimba makaa ya mawe chini ya bahari. Jengo la makazi la ghorofa saba lililosimamishwa huko mwaka wa 1916 ndilo la kwanza la saruji iliyotiwa vyuma kwa aina yake nchini Japani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, watu zaidi ya 5,000 walibanana katika kisiwa chenye urefu wa mita 480 na upana wa mita 160 hivi. Mgodi ulifungwa Januari 1974, na kufikia Aprili wakazi wote walikuwa wameondoka.

Wageni waliruhusiwa kushuka tena mwaka wa 2009, mawimbi yakikubali. Njia yao ni fupi, nayo iko mbali na majengo mengi ya makazi. Majengo hayo yanaelekea magharibi, kwa hiyo anayeyataka huyapiga kutoka mashuani wakati wa alasiri, kamera ikiwa imewekwa kwenye kasi kubwa ili mtikisiko usiififishe picha.

Tatizo ni kwamba madirisha yote hufanana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakorea na Wachina walilazimishwa kufanya kazi katika mgodi huu. UNESCO ilipokiingiza kisiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2015, Japani iliahidi kuieleza historia hiyo. Mwaka wa 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ilisikitika kwamba ahadi haikuwa imetimizwa ipasavyo. Lenzi haiwezi kubainisha chumba cha aliyekuja kwa hiari na cha aliyeletwa kwa nguvu. Kazi hiyo ni ya maneno yatakayoandikwa chini ya picha. Mahali penyewe walipotoa jasho ni mamia ya mita chini ya bahari, ambako kamera haifiki. Kilichosalia juu ni ngazi za saruji ambazo wachimbaji walizipanda wakielekea kwenye lifti ya shimo la pili. Hizo huonekana vizuri kutoka njia ya wageni.