Buti la Mguu Mpana: Kipimo Kinachokosekana Sokoni Tabora

Anayetafuta buti la kazi Tabora, iwe kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye meza za mitumba au kwa mafundi wa kata kama Cheyo, huulizwa swali moja: unavaa namba ngapi? Namba hiyo ni urefu wa mguu peke yake. Upana hauulizwi wala hauandikwi kwenye boksi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui buti analouza lina upana gani. Mwenye mguu mwembamba hana shida. Atavaa na kwenda zake. Mwenye mguu mpana hujaribu, husikia kidole kidogo kikibanwa ukutani mwa kiatu, kisha huambiwa: "Chukua namba ya juu, kaka, litakaa tu."

Halikai. Ushauri huo ndio chanzo kikubwa cha buti kufa kabla ya siku zake na cha mfanyakazi kuchechemea kabla ya saa sita mchana. Tabora ya sasa ni soko la mabuti kwa namna ambayo haijapata kuwa kwa miaka mingi, kwa hiyo jambo hili lina hesabu ya fedha ndani yake.

Mji huu uliinuka kwa nguvu za watembea kwa miguu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la Tabora, mwezi Novemba 1857, waliikuta njia ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji ikiendeshwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, takriban kilo 32. Walitembea peku, au kwa makubazi ya ngozi ghafi pale miiba na jua vilipozidi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, biashara ya kubeba mizigo mabegani ilikwisha, na kazi mpya zikaja: kupanga kokoto, kubadili mataruma, kukagua njia. Hizo zilidai kiatu kigumu, na bado zinadai.

Sasa kuna reli ya pili. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa (SGR) cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Wa Tabora hadi Isaka, kilomita 165, Julai 2022. Na wa Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, Desemba 2022. Njia zote tatu zinakutana hapa. Kaskazini, huko Sojo wilayani Nzega, kuna karakana ya kuyawekea mabomba ya bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki utando wa kuhifadhi joto, iliyozinduliwa Machi 2024. Bomba lenyewe lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Ongeza wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega, wapasua mbao, mafundi ujenzi, na wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Wote hawa wanahitaji kitu kigumu miguuni, na wengi wao walikulia vijijini wakitembea peku au kwa ndala na katambuga.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Mwaka 1905 daktari Mmarekani Phil Hoffmann alichapisha matokeo ya kupima miguu ya watu wasiovaa viatu, baadhi yao kutoka Ufilipino na Afrika ya Kati. Alikuta vidole vikitanuka mbele, na akaona jinsi kiatu kinavyoibana ile sehemu ya mbele kwa waliokizoea. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Kristiaan D'Août lilipima watembea peku wa kusini mwa India na kufikia jambo lile lile: mguu uliokua bila kiatu ni mpana zaidi mbele, na mzigo wa mwili unagawanyika vizuri zaidi juu ya unyayo. Kwa maneno mengine, mguu mpana hauna kasoro. Aghalabu ni mguu mzima, uliokua ulivyotakiwa kukua. Kasoro iko kwenye kiatu, ambacho mara nyingi kimeumbwa juu ya kalibu iliyochongwa kwa kufuata miguu ya watu wa mbali, waliovishwa viatu tangu wakiwa watoto.

Kila buti hujengwa juu ya kalibu, umbo la mbao au plastiki lenye sura ya mguu. Kiwanda kikitaka upana wa aina mbili katika namba 42, lazima kiwe na kalibu za aina mbili, visu vya kukatia ngozi vya aina mbili, na stoo ya aina mbili. Ndiyo maana viwanda vya bei ya chini hutoa upana mmoja. Wapo wanaotoa zaidi. Red Wing ya Marekani huuza buti moja kwa herufi kadhaa za upana, D ikiwa ya kawaida kwa wanaume. Atlas ya Dortmund, Ujerumani, huuza mabuti ya usalama kwa vipimo vinne vya upana: 10, 12, 13 na 14. Mjerumani mwenye mguu mpana hupewa namba yake ile ile, upana ukibadilika. Katika maduka mengi ya kwetu nafasi hiyo haipo, na hakuna sababu ya msingi ya kuikosa, isipokuwa kwamba hakuna anayeidai.

Tazama kinachotokea mtu akipanda namba. Hatua moja ya namba za Ulaya ni milimita 6.67 za urefu. Upana nao huongezeka, lakini kidogo sana. Kwa hiyo, ili apate nafasi ya pembeni anayoihitaji, mtu hupanda namba mbili, wakati mwingine tatu, na buti linakuwa refu kwa milimita 13 hadi 20. Buti lina mahali pake pa kukunjika, chini ya mafundo ya vidole. Likiwa refu, mkunjo unaangukia mbele ya mafundo hayo, na ukingo wa nyuma wa kile chuma cha mbele unakita juu ya vidole kila hatua. Kisigino kinapanda na kushuka ndani, malengelenge yanatoka. Ngozi inajikunja pasipopangwa na kupasuka hapo. Na pua ya buti, iliyotangulia mbele ya vidole, inajikwaa kwenye taruma au kwenye nondo. Mtu anayebeba taruma akijikwaa, buti limemwumiza badala ya kumlinda.

Chuma chenyewe kinahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, ISO 20345, kinataka kofia ya vidole ihimili pigo la jouli 200, sawa na uzito wa kilo 20 ukianguka kutoka kama mita moja, na mkandamizo wa kilonewtoni 15. Kofia hiyo haitanuki. Ngozi ya pembeni fundi anaweza kuilowesha, kuingiza kalibu na kuisukuma nje siku mbili tatu, ikakupa milimita kadhaa. Chuma hakisukumiki. Yeyote anayekuambia buti la chuma "litaachia ukilivaa" anazungumzia sehemu ya nyuma ya chuma tu. Vidole vikigusa kofia pembeni dukani, vitagusa mpaka siku ya kulitupa. Na kofia za plastiki ngumu, zinazosifiwa kwa wepesi na kwa kutopitisha joto, aghalabu ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo usizidhanie zina nafasi zaidi ndani.

Kuna njia rahisi ya kupima, na ningependa kila duka liwe nayo. Nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya siku. Vaa soksi za kazini. Toa ile soli ya ndani ya buti, iweke sakafuni, simama juu yake uzito wote ukiwa mguuni. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya ukingo wa soli hiyo kwenye mafundo ya vidole, buti ni jembamba kwako, hata urefu ukiwa sawa. Fanya miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani. Tazama pia kamba: buti ambalo mbavu zake zinafunguka pande zote juu ya ulimi hupokea mguu mpana na mnene kuliko lile lililoshonwa likafungwa karibu na vidole.

Kwenye mitumba kuna mabuti mazuri sana, na ndiko mara nyingi yanakopatikana yale yenye upana, kwa kuwa yalitengenezwa kwa masoko yanayopima upana. Herufi EE au W kwenye ulimi, au namba 12 au 13 pembeni ya saizi, ni hazina kwa mwenye mguu mpana. Lakini kuna hatari ambayo mnunuzi wa Tabora anapaswa kuijua. Soli nyingi za mabuti ya kisasa ni za poliyurethani, nyepesi na laini. Poliyurethani huliwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa rafuni bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa inaonekana nzima, kisha ndani ya wiki chache za kazi inamong'onyoka kama mkate mkavu. Kiwango cha ISO nilichokitaja kinataka mwaka wa kutengenezwa uandikwe kwenye kiatu. Utafute kwenye ulimi au kwenye soli. Buti la mtumba lenye soli ya mpira mtupu iliyoshonwa lina maisha marefu zaidi, na likiisha linaweza kushonewa soli nyingine.

Hapo ndipo mafundi wetu wanapoingia, na mimi nawathamini kuliko wanavyothaminiwa. Soli iliyoyeyushwa kiwandani moja kwa moja juu ya ngozi ikiisha, fundi hana pa kuanzia. Soli iliyoshonwa kwa uzi kwenye ukanda wa ngozi anaitoa, anakata mpya, wakati mwingine kwenye tairi, anaishona, na buti linarudi kazini. Fikiria kwa mfano tu: buti la shilingi 60,000 linalodumu miezi 6 linakula 10,000 kwa mwezi. Buti la 120,000 lililovaliwa miezi 18, likabadilishwa soli mara moja kwa 15,000, limekula 7,500 kwa mwezi, na mvaaji hakukosa siku kwa malengelenge.

Matunzo nayo yana malighafi yake hapa hapa. Ngozi iliyolowa kwenye mvua za Novemba hadi Aprili ikikaushwa karibu na moto inakauka na kusinyaa, na mguu mpana ndio wa kwanza kuisikia. Jaza buti karatasi, liache kivulini, kisha lipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta. Tabora ni mkoa wa asali na nta. Sioni kwa nini mafuta ya kung'arishia viatu yatoke mbali.

Ngozi pia tunayo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye mifugo mingi. Kinachotuangusha ni mambo yanayotokea kabla ngozi haijafika kiwandani: chapa za moto zilizopigwa mahali panapokatwa ngozi nzuri, kupe, na visu vya wachunaji wasiojali. Uso wa buti la kazi unataka ngozi safi yenye unene wa kama milimita mbili. Yenye matundu haifai. Na historia inaonya kuhusu kujenga kikubwa kabla ya kujua mvaaji. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kililenga jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziende Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 5 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kililenga miguu ya wateja wa ng'ambo. Kiwanda cha Karanga mjini Moshi, kilichokua kutoka karakana ya gereza na sasa ni ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa pensheni wa PSSSF, kiko karibu zaidi na mvaaji, na kwa maoni yangu ndicho kinachoweza kwanza kutengeneza kalibu pana kwa kupima miguu ya Watanzania wenyewe. Tangu Julai 2022 ushuru wa juu wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umefika asilimia 35, na bidhaa za ngozi zimewekwa humo. Ulinzi huo una maana kama mtengenezaji wa ndani anatoa kitu ambacho kontena halileti. Upana ni kitu hicho.

Wanawake walio kwenye maeneo ya ujenzi wana shida yao ya peke yao. Wengi hupewa buti la mwanamume la namba ndogo, na wengine wanabanwa mbele huku kisigino kinapwaya. Nao wanahitaji kalibu yao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa kinga bila kumtoza. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija, mwajiri anaonyesha orodha: watu hawa, mabuti haya. Lakini buti lisilomtosha mtu halimkingi, na wengi huliacha chini ya kitanda na kuja kazini na raba. Kwa mwenye kisukari, kidonda cha buti linalobana kinaweza kumgharimu mguu. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa maofisa ununuzi wa makandarasi na halmashauri: kabla ya zabuni, kila mfanyakazi asimame kwenye karatasi jioni, mguu uchorwe, urefu na upana viandikwe. Kisha zabuni imtake msambazaji alete kila namba kwa upana usiopungua aina mbili, na akubali kubadilisha jozi zisizotosha ndani ya siku kumi na nne. Msambazaji akijua kwamba oda ya Tabora ina mstari wa upana, atauagiza kutoka kiwandani, na jozi zitakazobaki zitafika kwenye maduka ambako fundi ujenzi wa Cheyo hununua kwa fedha yake mwenyewe.