Lenzi Ndefu Huvuta Mbali, Lakini Hubana Watu

Vijana wetu wa Pwani wameingia kwenye upigaji picha kwa nguvu, na mimi nafurahi. Harusi, mechi za mtaani, mashindano ya mashua kule Lamu, ndege wa Mida: kila pahali pana kijana na kamera yake. Wengi, wakishapata pesa kidogo, kitu cha kwanza wanachonunua ni lenzi ndefu, ile ya milimita 200, 300 au zaidi.

Tatizo ni kwamba wengi huichukulia kama darubini tu. Kitu kiko mbali, basi kivute. Hiyo ni nusu ya kazi. Lenzi ndefu hubadilisha picha yenyewe, na asiyelijua hilo anaweza kupotosha watu bila kukusudia.

Tuanze na mkono. Lenzi inayokuza kitu hukuza pia mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya mafundi wa zamani ni kwamba ukiwa na lenzi ya milimita 300, kasi ya shata isipungue sekunde 1/300. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, kwa hivyo zidisha hesabu hiyo kwa moja na nusu, uanzie 1/500. Kiimarishi kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji anayekimbia. Kwa mchezaji au ndege anayeruka, anzia 1/1000. Mwanga ukiwa mdogo, pandisha ISO. Picha yenye chembechembe bado hutazamika, iliyotikisika haina dawa. Weka mkono wa kushoto chini ya lenzi, bana viwiko kwenye mbavu, na ukipata ukuta au mnazi, egemea.

Kisha kuna hewa yetu. Saa saba mchana, mchanga na lami hutoa joto linalofanya hewa icheze kama maji. Ukipiga kitu cha mbali wakati huo, picha hutoka na ukungu hata kama umelenga sawasawa, na lenzi ya bei yoyote haitakusaidia. Piga asubuhi mapema au baada ya Alasiri, au sogea karibu.

Sasa jambo kubwa: umbali. Chukua watu wawili, mmoja amesimama mita 10 nyuma ya mwenzake. Ukisimama mita 5 kutoka kwa wa mbele, wa nyuma yuko mita 15, mara tatu zaidi, na kwenye picha ataonekana mdogo sana. Rudi nyuma hadi mita 50, na wa nyuma atakuwa mita 60. Tofauti imekuwa ndogo, kwa hivyo wote wawili wataonekana karibu sawa kwa ukubwa, kana kwamba wamegusana mabega. Lenzi ndefu haikuwasogeza. Ni pale uliposimama wewe. Lenzi imekata tu kile kipande cha mbali na kukijaza kwenye picha.

Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, wapiga picha wa shirika la Ritzau Scanpix la Denmark walilionyesha hili wazi. Walipiga watu wale wale kwa lenzi pana na kwa lenzi ndefu. Katika moja watu wameachana vizuri, katika nyingine wamesongamana. Hakuna picha iliyoguswa kwa kompyuta.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito. Siku ya Idi pale ufuo wa Pirates, picha moja yaweza kuonyesha familia zimepumzika kwa nafasi, nyingine ikaonyesha watu wamebanana kama dagaa. Mkutano wa watu mia mbili waweza kuonekana wa maelfu. Mwanasiasa ataitumia kujigamba, na mwingine ataitumia kuusema mtaa vibaya. Kama unapiga umati kwa lenzi ndefu, piga na picha ya pili kutoka pembeni au juu, kisha zitoe zote mbili. Ukilazimika kutoa moja tu, toa ile inayofanana na ulichokiona kwa macho.

La mwisho ni adabu. Lenzi hii humpiga mtu bila yeye kujua. Mama aliye baharini na wanawe, binti aliye uani kwao, hawakukuita. Dini yetu imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu na imetukataza kuchunguza siri za watu. Jicho linaloingia kwa milimita 400 nalo limeingia. Katiba yetu, Kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahusu hata sura ya mtu. Kwa ndege wa Mida hali ni kinyume: hapo lenzi ndefu ndiyo heshima, kwa sababu wale wanaohama kutoka mbali wanahitaji kula na kupumzika, na ukiwakaribia unawarusha bure.

Nawashauri vijana wafanye zoezi moja wikendi hii. Piga foleni ya tuktuk ukiwa karibu kwa lenzi fupi, kisha urudi nyuma na upige foleni ile ile kwa lenzi ndefu. Ziweke picha mbili bega kwa bega, uwaonyeshe na wazee nyumbani. Anayejua vile picha hubanwa hadanganywi upesi na kila kinachotumwa kwenye WhatsApp.