Lubumbashi: Katika mashindano ya magari kwenye intaneti, hesabu ya esansi inaweza kumshinda mwenye mbio

Katika sale za PlayStation za Lubumbashi, kuanzia Naviundu mpaka katikati ya mji, mpira ndio mchezo wenye wapenzi wengi. Gari nalo huchezwa, lakini mara nyingi ni kwa dakika chache: kukanyaga mpaka mwisho, kugonga ukuta, kucheka, kisha kumpa mwenzako manete. Wengi hawajui kwamba kuna namna nyingine ya kucheza magari, ambayo mashindano yake yanachukua saa moja, saa sita, hata saa 24. Huko esansi inaisha kweli. Huko anayeshinda si lazima awe mwenye mbio kuliko wote.

Mashindano hayo yanafanyika kwenye michezo kama iRacing ya Marekani, iliyofunguliwa kwa wachezaji mwaka 2008, Assetto Corsa Competizione ya Italia, na Gran Turismo 7 ya Japani, iliyotoka mwaka 2022 na ambayo inachezwa kwenye PlayStation 4 na 5. Gari lina tangi, magurudumu yanachakaa, na kuna stendi, ni kusema sehemu ya pembeni ambako dereva anaingia kuongeza esansi na kubadilisha magurudumu. Kila mara unapoingia stendi, wenzako wanaendelea kukimbia. Ndiyo sababu swali la kwanza la dereva mzuri si «niende mbio namna gani?» bali «nisimame mara ngapi, na wakati gani?»

Hesabu ya shofere wa taksi

Swali hilo si geni kwa mkaaji wa Lubumbashi. Shofere wa taksi anayenunua lita chache asubuhi anajua atafanya safari ngapi kabla ya kurudi kwenye kituo cha esansi. Mwenye kamyo anayeteremka Kasumbalesa anajua lita ngapi zitabaki akifika mpakani. Mchezaji naye anapiga hesabu ileile, ila yeye anahesabu mizunguko.

Tuchukue mfano kwenye kiwanja cha Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, Afrika Kusini. Kiwanja hicho kimo ndani ya Assetto Corsa Competizione na mzunguko wake una kilometa 4.5 na kitu. Tuseme mashindano ni ya dakika 75, na gari lako linafanya mzunguko mmoja kwa sekunde 104. Dakika 75 ni sekunde 4500. Gawanya kwa 104: unapata 43 na kidogo. Kwa sababu mzunguko ulioanza lazima umalizike, utafanya mizunguko 44. Ongeza mmoja wa kujipanga kabla ya kuanza, maana nao unakunywa esansi: inakuwa 45.

Tuseme sasa kila mzunguko unakunywa lita 2.8. Mizunguko 45 inaomba lita 126. Lakini tangi linabeba 120 tu. Umekosa lita sita.

Hapa dereva ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kukimbia kwa nguvu zote na kuingia stendi mara moja. Njia ya pili ni kupunguza unywaji ufike lita 2.66 kwa mzunguko, ili lita 120 zifikishe gari mwisho. Tofauti ni mililita 140 kwa mzunguko, kama kikombe kidogo cha chai.

Tuseme kubana huko kunakupotezea sekunde 0.4 kila mzunguko. Kwa mizunguko 44, ni karibu sekunde 18. Kuingia stendi, kujaza na kutoka, tuseme ni sekunde 45. Aliyebana anafika mbele kwa sekunde 27, hata kama hakuna mzunguko hata mmoja ambamo alikuwa mwenye mbio kuliko mwenzake.

Lakini hesabu hii si ya upande mmoja. Anayepanga kusimama anaweza kuanza na lita 70 tu. Lita moja ya esansi ina uzito wa karibu gramu 750. Kwa hiyo gari lake mwanzoni ni jepesi kwa kilo 37 hivi kuliko lile lililojaza tangi. Linageuka vizuri na magurudumu hayachoki haraka. Akipata njia wazi mbele yake, anaweza kurudisha sekunde nyingi. Ndiyo maana mtu haamui kwa kubahatisha. Anajaribu mizunguko mitano ya kukimbia na mitano ya kubana, anaandika, kisha analinganisha.

Namna ya kubana bila kupoteza sana

Wachezaji wenye uzoefu wanatumia njia nne.

Ya kwanza ni kuondoa mguu kwenye mafuta mapema. Badala ya kukanyaga mpaka mahali pa kufunga freni, dereva anaachilia mita 50 au 100 kabla, gari linateleza lenyewe, kisha anafunga freni kidogo. Ni mwisho wa njia iliyonyooka ndipo gari linakunywa sana bila kupata mbio nyingi zaidi. Ndiyo sababu kuachilia hapo kunaokoa esansi na kupoteza muda kidogo tu.

Ya pili ni kupandisha vitesi mapema, kabla injini haijapiga kelele yake ya mwisho. Ya tatu ni kukaa nyuma ya gari la mwenzako kwenye njia iliyonyooka. Yeye anapasua upepo, wewe unapita kwa urahisi. Ya nne ni kupunguza nguvu ya injini kwenye mchezo wenyewe. Katika Gran Turismo 7, kwa mfano, kuna daraja sita: la kwanza linatoa nguvu zote, la sita linabana kabisa.

Kosa la wanaoanza ni kubana mwishoni, wakati taa ya esansi imekwisha kuwaka. Mililita 140 kwa mizunguko 45 hazionekani. Lakini lita sita kwa mizunguko kumi ya mwisho ni zaidi ya nusu lita kila mzunguko, na hapo gari linatambaa.

Yaliyotokea kwenye viwanja vya kweli

Michezo haikubuni mambo hayo. Mwaka 1986, kwenye Grand Prix ya Ujerumani huko Hockenheim, sheria iliruhusu lita 195 tu kwa mashindano yote, na kujaza katikati ilikuwa marufuku. Mfaransa Alain Prost aliishiwa esansi akiwa karibu kufika. Alishuka, akaanza kusukuma gari lake kwa mikono mbele ya watu.

Miaka thelathini baadaye, tarehe 29 Mei 2016, Mmarekani Alexander Rossi aliingia katika Indianapolis 500 kwa mara yake ya kwanza. Mashindano hayo yana mizunguko 200. Alijaza tangi kwa mara ya mwisho kwenye mzunguko wa 164, na timu yake ikaamua kwamba atafika bila kusimama tena. Wenye mbio waliokuwa mbele yake waliingia stendi mmoja baada ya mwingine. Rossi alikata mstari wa mwisho akiwa wa kwanza, gari likienda pole kwa kukosa esansi, na baada ya hapo lilibidi livutwe mpaka mahali pa kupewa kombe.

Tatizo la Naviundu: laini na umeme

Kwa kijana wa Naviundu, kuna matangi mengine mawili yanayoweza kukauka kabla ya lile la gari: mega na umeme. Mashindano ya saa moja yanaomba laini isiyokatika kwa saa nzima. Delestaji ikiingia kwenye dakika ya 60, hesabu yote ya esansi imekufa. Tena kuna abonnement ya kucheza na wengine kwenye PlayStation, na bei ya usukani, ambayo ni pesa nyingi kwa familia nyingi.

Hata matajiri hawaponi. Januari 2023, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans kwenye kompyuta, gari la Max Verstappen, aliyekuwa tayari bingwa wa dunia mara mbili, lilikatwa kwenye mtandao wakati lilikuwa likiongoza. Alikasirika sana na timu yake ikaacha mashindano.

Kwa hiyo anayeanza huku afadhali asikimbilie mashindano marefu ya intaneti. Assetto Corsa Competizione inaweza kuchezwa bila laini, mtu akishindana na magari yanayoendeshwa na mchezo wenyewe. Marafiki wanne wanaweza kupokezana manete moja: kila mmoja anafanya mizunguko kumi na lita zilezile, na anayebakiza esansi nyingi bila kuzidi muda waliopatana ndiye mshindi. Sale ya PlayStation inaweza kufanya mashindano hayo Jumamosi moja bila mega hata moja.

Tahadhari: barabara si mchezo

Kuna somo moja ambalo halifai kuhamishwa vibaya. Kwenye barabara zetu, shofere wengine wakifika kwenye mteremko wanatoa vitesi na kuacha gari liteleze lenyewe, wakifikiri wanaokoa esansi. Hiyo ni hatari. Injini haisaidii tena kuzuia gari, freni peke yake ndiyo inabeba uzito wote, inapata moto na inaweza kushindwa. Kwa kamyo iliyobeba tani nyingi, hapo ndipo watu wanakufa.

Tena hakuna faida kubwa. Gari la kisasa lenye injeksheni, likiteremka na vitesi ndani bila mguu kwenye mafuta, linakata esansi lenyewe. Likitolewa vitesi, injini inaendelea kunywa kidogo ili isizimike. Dereva wa mashindano anayeachilia mapema hatoi vitesi. Anaondoa mguu tu. Hilo ndilo la kuiga: kuona mbali, kuachilia mapema, na kuacha nafasi mbele.

Kwa mengine yote, chombo cha kuanzia ni daftari na biki. Andika muda wa mzunguko, lita zilizotumika, mizunguko iliyobaki, na sekunde unazopoteza ukiingia stendi. Ukiwa na namba hizo nne, unajua kabla ya kuanza kama utasimama ama hautasimama. Mwenzako mwenye usukani wa bei kali, kama hakuziandika, atajua siku taa yake itakapowaka.