Bangi kwa Mama Mwenye Nifasi: Hukumu na Tiba

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake.

Mas'ala yetu ni ya mama aliyejifungua anayetumia bangi akidai kuwa inampa usingizi au inamwondolea huzuni. Imamu wa kijijini, tuseme Mbekenyera wilayani Ruangwa, anaweza kuletewa suala hili na mume au mama mkwe. Akijibu "haramu" na kunyamaza, atakuwa amesema kweli lakini hajatimiza wajibu wake.

Ama hukumu ya asili haina utata. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) aliihesabu hashishi, ambayo ni bangi, kuwa kilevi kama pombe. Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik (aliyefariki 684 H) aliiona kuwa ni kiharibifu cha akili, si kilevi hasa. Tofauti yao inagusa unajisi wake na adhabu ya mtumiaji, haigusi uharamu wake. Wala asidhani mtu kwamba mwenye nifasi yu huru kwa kuwa haswali. Nifasi, ambayo kwa Shafii aghlabu ni siku 40 na haizidi 60, humwondolea swala. Haimwondolei wajibu wa kuhifadhi akili yake.

Je, akisema ni dawa? Mafaqihi waliruhusu mimea ya kulevya katika tiba kwa sharti: pasiwe na dawa halali badala yake, na tabibu muaminifu athibitishe. Kwa mama huyu sharti halijatimia, kwani matibabu yapo.

Kisha ipo haki ya mtoto. Qur'ani, katika Suratul-Baqara aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili na ikakataza mzazi kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Kemikali ya bangi hushikamana na mafuta, na maziwa ya mama yana mafuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 katika jarida la Pediatrics ulipima sampuli 54 za maziwa ya wanawake 50 waliotumia bangi. Kemikali hiyo ilionekana katika asilimia 63 ya sampuli, na kwa baadhi yao hadi siku 6 baada ya kutumia. Basi mtoto hunyweshwa asichokichagua. Mama akinyonyesha aache bangi, na kuhusu kunyonyesha apate ushauri wa mhudumu wa afya. Asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu tu.

Lakini tuulize kilichompeleka huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Mama hulia bila sababu, hapati usingizi hata mtoto akilala, na hujiona hafai. Bangi humsahaulisha kwa saa chache, na ugonjwa unabaki palepale. Naye huficha, kwa kuogopa ulimi wa jirani na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Kwa hiyo tunawausia maimamu mambo matatu. Kwanza, wamsitiri mama huyu. Aibu yake isitangazwe mimbarini. Pili, wamkumbushe mume kuwa matunzo ya siku za arobaini ni wajibu wake: chakula, mtu wa kumpokea mtoto usiku ili mama alale, na nauli ya kwenda kituo cha afya. Tatu, mama akisikia sauti zisizokuwepo, au akitamka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo cha ruqya kinafaa pamoja na tiba, hakikai mahali pake.

Wallahu a'lam.