Jicho Jekundu kwa Mgonjwa wa Saratani: Usiishie kwa Kemisti

Mkaazi wa Migosi akiamka na jicho jekundu, kawaida hupitia kwa kemisti, hununua dawa ya matone na mambo huishia hapo. Kwa anayepokea tiba ya kinga dhidi ya saratani, mathalan pembrolizumab au nivolumab, njia hiyo ni ya hatari.

Dawa hizi si kemotherapi. Huondoa breki zinazoizuia kinga ya mwili ili iishambulie saratani, uvumbuzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lakini kinga isiyo na breki wakati mwingine hushambulia hata viungo vyenye afya, macho yakiwemo.

Mara nyingi shida huwa ukavu wa macho tu. Wagonjwa wachache hupata yuveitisi, yaani kuvimba kwa tabaka la ndani ya jicho: maumivu, kutostahimili mwanga, kuona ukungu au vidoadoa vinavyoelea. Ikiachwa, inaweza kupofusha. Huweza kuanza wiki chache baada ya dozi ya kwanza, au hata tiba ikishakwisha.

Ukiona dalili hizi, wasiliana na kliniki yako ya saratani siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wa macho jina la dawa unayotumia. Matone ya steroidi husaidia wengi, ila jicho likiwa na maambukizi, matone hayo hayo huyazidisha. Ndiyo maana hayanunuliwi kwa kubahatisha. Wala usikatishe tiba ya saratani mwenyewe. Daktari ndiye huamua kama itasitishwa au itaendelea jicho likitibiwa.