Askofu Mkuu Aliyekataa Mara Tatu

Mwalimu wetu wa historia alipotusimulia habari za William Sancroft, usiku ule bwenini tuligawanyika: wengine walimsifu, wengine walimwita kigeugeu. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wa pili. Kisha nilikwenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sancroft alizaliwa mwaka 1617 katika kijiji cha Fressingfield, Uingereza. Alisoma katika chuo cha Emmanuel, Cambridge, akawa mwalimu papo hapo. Mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, na serikali mpya ikawataka walimu waahidi kuitii. Sancroft alikataa, akafukuzwa mwaka 1651. Hiyo ni mara ya kwanza.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, naye alipanda cheo. Alikuwa mkuu wa kanisa la St Paul's, London, lilipoteketea katika moto wa mwaka 1666, akashughulikia kujengwa kwake upya. Mwaka 1678 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, na mwaka 1685 alimvika taji Mfalme James wa Pili.

Mwaka 1688 James aliamuru lisomwe makanisani tangazo lake la kusimamisha sheria zilizowabana Wakatoliki na wengine wasio wa Kanisa la Uingereza. Uhuru wa dini ni jambo jema. Lakini Sancroft na maaskofu sita walimwandikia kwamba mfalme hana mamlaka ya kusimamisha sheria za Bunge. Wote saba walifungwa katika Mnara wa London, wakashtakiwa. Tarehe 30 Juni waliachiliwa, na watu wakashangilia njiani. Hiyo ni mara ya pili.

Mwishoni mwa mwaka huo James alikimbia. William na Mary walipotawala mwaka 1689, Sancroft alitakiwa awaapie. Alikataa, kwa kuwa kiapo chake kwa James, yule yule aliyemfunga, kilikuwa kingali shingoni mwake. Mwaka 1690 akavuliwa cheo. Akarudi kijijini kwao, akafa mwaka 1693.

Je, ni kigeugeu? Sasa nasema sivyo. Kuikataa amri moja ya mfalme si kumvunjia mfalme kiapo. Lakini nakiri kwamba sijui kama mimi ningeliacha jumba la Askofu Mkuu kwa ajili ya neno nililolitamka zamani. Mwenzangu wa kitanda cha juu bado anabisha.